Plau Imeniziba

Johannesburg naijua vizuri kuanzia kitandani mpaka kwenye roboti ya kwanza, yaani ile taa ya kuongozea magari iliyo karibu na duka la mikate. Baada ya hapo naiamini tu, kama ninavyoamini kwamba kuna Australia. Mke wangu ni msusi, mji huu anaujua mpaka vichochoro vyake, na husema kwamba mimi nina wake wawili, yeye na cherehani, na cherehani ndiyo bi mkubwa. Simbishii. Fundi anayeshonea nyumbani atoke aende wapi? Wateja wanakuja wenyewe, wanalalamika wenyewe, wanaondoka wenyewe.

Ndiyo maana hata mimi huwa nacheka nikikumbuka kwamba mwanzoni mwa mwaka 2019, katika chumba chetu cha mbele pale Yeoville, mimi ndiye niliyekuwa mtaalamu wa theluji wa ukoo mzima. Theluji yenyewe sikuwahi kuiona. Niliyoijua ilikuwa ya jiografia ya kidato cha pili, pamoja na ile barafu inayoota ndani ya friji ya spaza, duka dogo la pale mtaani, mwenyewe asipoikwangua.

Cheo hicho nilipewa na mama mkwe wangu. "Mukwe," aliniambia siku moja, kwa Kiswahili chake cha Uvira, "ninyi Watanzania muko na mlima wa theluji. Wewe utanielezea."

Ningeweza kumwambia kwamba mimi ni mtu wa Kigoma, kwamba kutoka kwetu hadi mlima ule ni nchi nzima kuivuka, na kwamba mtu wa Uvira na mtu wa Kigoma tunaishi umbali uleule kutoka kwenye theluji. Lakini si kila siku mtu wa aina yangu anapewa cheo.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Uliza tu."

Alikuwa na sababu ya kuuliza. Binti yake wa mwisho, shemeji yangu, alikuwa ameolewa Kanada, katika mji ambao mama alikuwa akiutaja kama mtu anayepiga chafya, na alikuwa na mimba. Mimba mbili za kwanza hazikukaa. Hii ya tatu ilikuwa imekaa, na siku zake zilikuwa zinakaribia. Mama alikuwa ametoka Uvira akaja kwetu ili apitie hapa kwenda kumpokea mtoto huyo kwa mikono yake, kama alivyowapokea wetu wawili. Visa wakamnyima, kwa maneno ya adabu sana. Akabaki kwetu, na sanduku lake likabaki vilevile limefungwa, ndani yake mna vitenge vya kumfunga mzazi tumbo na kopo la unga wa uji wake. Hakuwa anaidai dunia mambo mengi. Alitaka kusikia kwamba binti yake amefika hospitali salama, na kwamba mtoto amelia.

Sasa, mtu na mama mkwe wake. Kwao hamli pamoja, hampeani mikono, hamkai mkeka mmoja, na kutazamana usoni ni kwa kuibia. Hayo yanawezekana mahali penye nafasi. Sisi tulikuwa na chumba kimoja kikubwa katika nyumba ya zamani iliyogawanywa, na mchana tulibaki humo wawili tu, maana mke wangu alikuwa saluni na watoto shule. Basi nikashona pazia la kitenge, nikalifunga kwa kamba toka ukuta hadi ukuta, huku kwake na huku kwangu. Fundi mzima nikakosea kipimo. Pazia likaishia juu ya vifundo vya miguu.

Kwa hiyo mama mkwe wangu nilimjua kwa miguu. Akikasirika, vidole vilijikunja. Akisali, visigino viliinuka. Akitaka kuniuliza jambo, ndala zake za bluu zilikuja mpaka chini ya pazia, zikasimama pale, kisha zikakohoa.

Simu tuliiweka juu ya kigoda, palepale mpakani. Shemeji alikuwa akituma ujumbe wa sauti asubuhi ya kwao, ambayo kwetu ni mchana umeshageuka. Mimi nabonyeza, sote tunasikiliza. Simu yenyewe iliwahi kuangukia ndoo ya kulowekea nguo, na tangu siku hiyo ilikuwa ikiparaza maneno, silabi nyingine inaila na nyingine inaitia yenyewe.

Ndipo Januari ile ukaja ujumbe huu:

"Mama, mimi niko salama, ila hii plau itaniua. Imepita asubuhi, imeniziba kabisa. Nimesukuma, nimesukuma mpaka jasho, wapi! Ngumu kama jiwe. Sijui nitatoka saa ngapi. Mume wangu akirudi atanisaidia kuchimba."

Nikatazama chini. Vidole vya mama vilikuwa vimejikunja vyote.

Neno hilo la plau shemeji alilipata kwa mumewe, Mkenya, dereva wa lori. Kwao plau ni jembe la kukokotwa na ng'ombe au trekta. Mimi pia nililifahamu, kutoka somo la kilimo, na nikaelewa kadiri ya elimu yangu, kwamba Kanada wanalima barabarani. Niliona ajabu kidogo, kwenye baridi ile, lakini nchi za watu zina mambo yake. Mama mkwe neno plau hakulijua. Alijua pilau. Wakati mimi nawaza ng'ombe, upande wa pili wa pazia mama alikuwa amesikia kwamba binti yake mjamzito ameila pilau, pilau imemfunga choo, na mwanamume akirudi kazini atachimba.

Jambo kama hilo mama hawezi kulitaja mbele ya mume wa binti yake. Hata neno lenyewe halipiti mdomoni. Ndala zikakohoa.

"Mukwe. Imemziba tangu lini?"

"Nadhani tangu wiki iliyopita, mama. Inapita karibu kila siku."

"Kila siku! Na mume wake anaiacha tu?"

"Mama, ile ni ya serikali. Mume hawezi kuizuia."

Ndala zikasogea karibu zaidi.

"Serikali inawapa?"

"Inawapitishia bure. Mtaa kwa mtaa."

"Nyingi?"

"Nyingi mno, mama. Inakuja na gari kubwa."

"Yesu," mama akasema taratibu. Kisha akajikaza. "Bon, sawa. Mwambie maji ya moto. Asubuhi mapema, mbele ya kitu kingine chochote. Mengi, asiogope. Itaachia tu. Na papai."

"Papai, mama?"

"Papai lililoiva. Mukwe, usiniulize maneno mengi. Wewe sema tu."

Nikasema. Nilibonyeza simu nikarudia neno kwa neno, maji ya moto, mapema, mengi, usiogope, na papai. Kwa kweli niliona ni ushauri wa maana. Barafu na maji ya moto, hata kidato cha pili wanakubaliana. Papai nilidhani ni la mtoto.

Kesho yake jibu likaja, sauti ya shemeji ikiwa juu.

"Shem, mwambie mama nimefanya alivyosema. Nimemwaga ndoo mbili. Mbili nzima! Sasa ndiyo imeharibika kabisa, chini kote kunateleza kama kioo. Mume wangu ametoka tu mlangoni, puu, chali! Jirani naye amekuja kutazama, ameshika kichwa."

"Ndoo mbili," mama akanong'ona nyuma ya pazia. "Na jirani amekuja kutazama."

Visigino vikainuka. Alisali mpaka watoto waliporudi kutoka shule.

Jioni mke wangu alipoingia, mama alimvuta upande wake hata kabla hajaweka mkoba chini. Nikasikia minong'ono, halafu kitu kizito kikaanguka kitandani. Kilikuwa ni mke wangu.

"Yoo! Mama! Yoo, nakufa!"

Akatokea upande wangu, machozi ya kicheko yanamtoka. "Baba watoto. Wewe umemwambia mama yangu kwamba serikali ya Kanada inagawa pilau?"

"Mimi nimesema plau."

"Na plau ni nini, profesa?"

"Ni jembe," nikasema. "La barabarani."

Akarudi kuanguka. Yeye alikuwa anazungumza na mdogo wake kila siku akiwa saluni, huku wateja wako chini ya mashine ya kukaushia nywele, na picha alizokuwa ametumiwa sikuwahi kuomba kuziona. Alipopata pumzi alieleza, kwa sauti ya kutusikilizisha pande zote mbili. Theluji ikianguka usiku, kunapita gari kubwa lenye kisu kipana mbele, ndiyo plau. Linasafisha barabara kwa kuisukumia theluji pembeni. Barabara inabaki safi, lakini ile theluji yote inakwenda kulala kwenye midomo ya vijia vya watu, pale gari linapoingilia nyumbani. Inakuwa tuta, refu na gumu. Mtu ametoka kufagia kijia chake vizuri, anageuka nyuma, plau imepita, amezibwa upya.

"Kwa hiyo anayezibwa ni gari," mama akasema kutoka kwake.

"Ni gari, mama. Tumbo lake halina neno."

"Na zile ndoo mbili..."

"Ni maji yenu ya moto. Yameganda."

Sikumwona mama usiku ule, hata miguu.

Siku kadhaa zikapita hivyo. Ndala za bluu zilikaa mbali na mpaka, chini ya kitanda chake, zimepangwa sambamba kama za mgeni anayetaka kuondoka. Akihitaji kitu alingoja mke wangu arudi. Nilikuwa nimezoea kulalamika kwamba nyumba hii haina utulivu wa mtu kufanya kazi. Sasa utulivu ulikuwapo, na nilishona suruali moja miguu yote miwili ya kushoto.

Siku ya Alhamisi, nadhani, nilichukua kipande cha kitambaa cheusi kilichobaki kwenye koti la mtu, nikachukua chaki ya fundi, nikaanza kuchora. Barabara. Nyumba. Kijia cha gari. Gari. Pembeni, plau yenyewe, ambayo kwenye mkono wangu ilitoka kama nguruwe mwenye ndevu. Na kwenye mdomo wa kijia, tuta. Safari hii nilikuwa nimemuuliza shemeji mwenyewe kwanza, polepole, kila kitu kiko wapi. Nikakitelezesha kitambaa chini ya pazia nikarudi kukaa.

Kilikaa pale muda. Halafu mkono ukashuka, ukakivuta kwa ndani kidogo tu, bado nakiona. Kidole kikatembea juu ya chaki.

"Hapa ndipo anapokaa?"

"Hapo, mama."

"Na huyu ni ngombe?"

"Hiyo ndiyo plau."

"Hm." Kidole kikafika kwenye tuta, kikasimama. Ndala zikaja mpakani, safari hii bila kukohoa. "Mukwe, ikifika siku ya uchungu. Mume wake yuko safarini na lori. Hii imepita, imeziba hapa. Mtoto wangu atatokea wapi?"

Maswali yote ya theluji nilikuwa nimeyajibu mpaka siku hiyo, mengine hata kabla hayajaulizwa.

"Sijui, mama."

"Bon," akasema. "Leo umesema ukweli."

Tangu hapo ikawa ndiyo kazi yetu. Shemeji akituma neno kwamba plau imepita, ninachukua chaki ninachora tuta. Akituma neno kwamba wamechimba, mama anateremsha dole gumba na kulifuta. Ikawa kila mchana, bila kupangana. Nikichelewa kuchora, ndala zinakohoa. Siku nyingine alilifuta tuta hata kabla ujumbe haujaja, akasema amewasaidia kuanza.

Siku yenyewe ilikuwa ya joto la kubana. Juu ya mapaa mawingu yalikuwa yanajipanga kama yanavyofanya hapa mchana wa Februari, na sisi wa ndani tunajua yanapanga nini. Simu ikalia, si ujumbe, ni mlio wa kupigiwa.

"Shem, weka sauti juu, mama asikie. Imeanza."

Ilikuwa imeanza tangu usiku, kumbe. Alikuwa ameficha ili asitutie hofu. Mume alikuwa mbali na lori. Lakini kabla ya kuondoka alikuwa amechimba kijia mpaka saruji ikaonekana, na jirani, yule mama mzee wa Kizungu aliyeshika kichwa, alikuwa amekuja kumwendesha.

"Tumeshaingia kwenye gari," shemeji akasema, akipumua kwa vipande. "Anawasha. Mama, uko hapo?"

"Niko, mtoto wangu. Niko hapa kabisa."

"Anawasha... Oh. Oh, hapana. Mama, plau! Ile kule, imetokea kwenye kona!"

Mkono wa mama ukalishika pazia. "Mukwe! Mwambie asimame!"

"Nani, mama?"

"Huyo wa plau!"

Na mimi, mtu mzima, fundi, baba wa watoto wawili, nikainamia simu pale Yeoville nikapiga kelele: "Simama!"

"Jirani ameshuka," shemeji akasema. "Anakimbia. Ameingia barabarani. Mama, ana gauni la kulalia ndani ya koti! Ametanua mikono..." Tukasikia chuma kikikwaruza lami, sauti ndefu ya kuumiza meno, inakuja, inakuja, halafu kimya. "Imesimama. Dereva ametoa kichwa. Jirani anamwonyesha tumbo, la kwake yeye, anachora duara kubwa... Dereva anatikisa kichwa. Ameinua kisu! Mama, ameinua kisu, anakuja hivyo hivyo bila..."

Simu ikakatika.

Feni ikapunguza mwendo ikasimama. Umeme. Mwaka ule ulikuwa ukikatwa kwa zamu, mtaa kwa mtaa, na ukikatika na mtandao wa simu nao mara nyingi unaondoka. Nikabonyeza, nikainua simu juu, nikaipeleka dirishani. Hamna kitu. Tulijua kwamba kisu kimeinuliwa. Kama wametoka, hatukujua.

"Mukwe," mama akasema. "Fungua."

"Nifungue nini, mama?"

"Vyote. Kwetu, mtu akiwa na uchungu, nyumbani hapafungwi kitu. Ukifunga hapa unamfunga yeye kule. Fungua!"

Nikafungua mlango. Nikafungua madirisha, kabati, droo, kopo la vifungo. Kulikuwa na suti ya mteja imetundikwa, yenye kizibao, imeshapigwa pasi. Nikafungua vifungo vyake vyote kama ninayemvua mtu. Nikachomoa uzi kwenye cherehani. Upande wa pili nikasikia mlio wa kufuli la sanduku, kwa mara ya kwanza tangu alipofika.

"Na hii," mama akasema.

"Ipi, mama?"

"Kamba. Iko na mafundo."

Nikapanda kigoda nikafungua mafundo ya pazia, upande huu na upande ule. Likaanguka. Tukabaki tumesimama, kila mtu anatazama ukuta wake, mimi nimeshika kamba, yeye ameshika vitenge vya uzazi kifuani.

Na mvua ya mawe ikachagua wakati ule.

Asiyejua mvua ya mawe ya Johannesburg afikirie mtu anamwaga malori ya kokoto juu ya bati. Na sisi milango na madirisha yote wazi. Mawe meupe, makubwa kama njugu mawe, yaliingia yakidunda, yakapiga cherehani, yakaingia kabatini, yakaingia kwenye kopo la vifungo. Nikakimbilia kufunga mlango.

"Usifunge!"

"Mama, nguo za watu!"

"Usifunge!"

Sikufunga. Ilipotulia, chumba kilikuwa cheupe mpaka kitandani, na nje kwenye baraza yalikuwa yamerundikana hadi kwenye kizingiti, yakianza kuyeyuka kuelekea ndani. Nikachukua ufagio. Nikawa nasukuma nje, barazani, uani, kwenye ile njia ya saruji inayotelemka mpaka barabarani. Baada ya kidogo nikasikia ufagio wa pili. Mama alikuwa ametoka na ndala zake, amenipa mgongo kwa heshima, anasukuma pia. Na alikuwa anasema, taratibu, kwa kila mfagio:

"Sukuma, mama. Sukuma, mtoto wangu. Sukuma."

Nikajikuta nafuata mwendo wake. Sukuma. Sikuwa nimefanya kazi ya nguvu vile tangu nihamie nchi hii. Tulifagia uani, tukafagia njia ya saruji, tukafagia hata barabarani ambako hakukutuhusu, yeye kanipa mgongo, anasukuma kuteremka na mimi nasukuma nyuma yake. Sukuma.

"Hawu, makhelwane!"

Tukainua vichwa. Alikuwa ni jirani wa nyumba ya chini, mzee wa Kizulu anayetengeneza friji za watu, amekaa ndani ya bakki yake, lile gari dogo la mizigo, injini inaunguruma, tayari kutoka. Makhelwane ni jirani, hutuita hivyo hata akiwa na furaha. Siku hiyo hakuwa na furaha. Mbele ya geti lake kulikuwa na tuta. Refu, jeupe, limeshindiliwa vizuri kwa fagio mbili.

"Eish! Ngizophuma kanjani?" alikuwa anauliza, atatokaje.

Mama hajui Kizulu, hata salamu. Lakini alilitazama tuta, akalitazama gari, halafu, kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake, akanitazama mimi usoni.

"Mukwe," akasema. "Tumemziba."

"Ndiyo, mama."

"Leo! Siku ya leo, sisi tumemziba mtu njia!"

Akatupa ufagio akapiga magoti pale barabarani, akaanza kuchota mawe ya barafu kwa mikono. Nami nikapiga magoti. Mzee akashuka garini akasimama juu yetu, akidhani labda tumepatwa na kitu. Nikajaribu Kizulu changu cha kuwapimia watu suruali: "Umntwana uyeza," nikasema, mtoto anakuja. Akamtazama mama mkwe wangu, umri wake. Akanitazama mimi, tumbo langu. Sijui alichagua nani. Lakini alikwenda akarudi na koleo, akachimba pamoja nasi bila kuuliza zaidi, na vidole vyetu vilikuwa vimekufa ganzi wakati bakki ilipopita, ikapiga honi, ikashika barabara.

Mama alikuwa bado amepiga magoti. "Ametoka," akasema. "Umemwona? Ametoka vizuri."

Jua lilikuwa linatelemka simu ilipotetemeka mfukoni mwangu. Mtandao umerudi, na ujumbe umejaa. Vidole havikutii, nikabonyeza kwa kiwiko, kwa kidevu, sijui. Kilichotoka kwanza hakikuwa maneno. Kilikuwa ni kilio, chembamba, cha hasira, cha mtu aliyetolewa kwenye joto akapelekwa Kanada.

"Msichana," sauti ya shemeji ikasema nyuma yake, imekwaruza. "Mama, unamsikia? Tulitoka. Yule dereva alirudi nyuma akatusafishia mpaka mwisho."

Mama akanyoosha mkono akaichukua simu mkononi mwangu. Mikono ikagusana, yote miwili baridi kama samaki, na hakuna aliyeruka. Akaiweka sikioni, simu yenyewe kichwa chini miguu juu, akasikiliza. Akanirudishia.

"Rudisha," akasema.

Nikamrudishia tangu mwanzo. Tulimsikiliza yule mtoto akilia palepale barabarani, mara nyingi sana, mpaka mke wangu akatokea upande wa roboti, anakimbia na aproni ya saluni, naye amesikia kilekile. Alitukuta tumekaa ukingoni mwa barabara tumelowa mpaka kiunoni, mlango wa nyumba wazi, suti ya mteja wazi.

"Baba watoto, wewe uko nje?" akasema. Hilo ndilo lililomshangaza.

Jioni nililitundika pazia tena, kwa heshima, na mama akafunga sanduku, lakini si kwa kufuli. Vitenge aliviacha juu. Asubuhi iliyofuata, nikiwa nakausha cherehani, ndala za bluu zilikuja mpakani zikakohoa.

"Mukwe. Hii pazia."

"Ni fupi, mama, najua. Nitalitia kipande chini."

"Hapana. Iko na joto huku. Haiwezi kupunguka kidogo, hewa ipite?"

Nikachukua mkasi nikapunguza. Aliniambia kidogo tena, nikapunguza kidogo tena. Mke wangu aliporudi alisimama mlangoni, akalitazama pazia linaloning'inia juu ya magoti yetu, akatazama upande wa mama, akatazama upande wangu.

"Nauliza tu," akasema. "Hili ni pazia au kaptula?"